Mawaridi Yaliyofiwa Mapema

Siku Mzee Bay alipoletwa nyumbani kufa, mawaridi yake ya jangwani yalikuwa yamekwishafiwa. Kila mti, kuanzia langoni mpaka ukingo wa mfereji, ulikuwa umefungwa shinani utepe mweupe wa msiba, na mwenyewe bado anapumua. Aliyeyafanya hayo anajulikana kichochoro kizima, na kila mtu ana lake la kusema. Mimi naitwa Sau, nauza supu ya tambi za mchele, na ua wangu na wa Mzee Bay ni mmoja. Nimechoka kumsikia Luom, mkwe wake, akisemwa na watu ambao hata chai hawajawahi kunywa naye. Basi nami nasema niliyoyaona.

Luom si mzaliwa wa hapa Sa Dec, mji wetu wa maua kando ya mto. Alitoka huko chini ya mto, kwenye mashamba ya machungwa, akaolewa na Thoai, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Bay. Hawakujaliwa mtoto. Thoai alifanya kazi kwenye mashua za kuchota mchanga, na siku moja kamba ilikatika, ikamsomba mtoni. Luom alikuwa bado kijana, na sura anayo. Mama yake akaja kumchukua. Luom akampikia, akamsindikiza mpaka kivukoni, kisha akarudi peke yake na kikapu mkononi.

"Wewe mwanamke, una akili?" nilimuuliza.

"Sasa Baba atabaki na nani, Dada?"

Watu wakasema anangoja urithi. Urithi gani, jamani? Nyumba ya bati na vyungu vya maua!

Ingawa kwa kweli maua yenyewe yalikuwa maua. Hapa kwetu kila mtu anapanda kitu, ila kupanda waridi la jangwani katika nchi ya matope ni ubishi. Mti ule unataka jua kali na mizizi mikavu, na sisi tunaishi juu ya maji. Mzee Bay aliipandisha miti yake juu ya vichanja, akaipanda katika makapi ya mpunga yaliyochomwa na makumbi ya nazi, ili maji yakiingia yatoke. Kila alipohamisha mti kwenda chungu kingine aliuinua kidogo, mizizi ikabaki nje, ikanenepa, ikasokotana. Shina likivimba chini kama tumbo la mama mjamzito, hapo ndipo utamwona Mzee anazunguka chungu na sigara yake, haongei, lakini unajua kafurahi.

Mkubwa kuliko yote ulikaa katikati ya ua. Mbegu yake aliitia udongoni mwezi aliozaliwa Thoai. Thoai alipokufa, Mzee alikaa mbele ya mti ule mpaka mazishi yakaisha, na tangu hapo hakuruhusu mtu mwingine kuugusa. Miti mingine yote Luom aliimwagilia, akaipogoa, akayafunga maganda ya mbegu kwa uzi yasipasuke mbegu zikapeperuka. Alijifunza kwa kutazama, kwa sababu Mzee Bay hakuwa mtu wa kufundisha wala kusifu. Luom akikosea, Mzee anaguna. Akipatia, Mzee ananyamaza. Kaburi lina maneno kuliko mzee yule.

Kiharusi kilimwangusha mwanzoni mwa mvua. Binti yake, Diem, anayeishi jijini, akaja na gari akamchukua mpaka hospitali kubwa. Luom alibaki kuangalia nyumba. Asubuhi moja alikuwa kwangu, ananisaidia kukata vitunguu, simu yake ikaita. Mikono ilikuwa na maji, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi, nikasikia yote.

"Wifi," Diem alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "madaktari wamenyoosha mikono. Anapumua kwa mpira, muuguzi anaubonyeza. Tunamleta. Tukifika nyumbani wanautoa, basi. Safisha chumba cha mbele."

Ndivyo tulivyo sisi. Mtu akikata roho kitanda cha ugenini, maiti yake haivuki kizingiti cha nyumba yake. Kwa hiyo hurudishwa na pumzi ya mwisho, hata kama pumzi yenyewe ni ya kubonyezewa.

Luom aliosha mikono akaenda. Nilimsikia akifagia, akifuta meza ya mababu. Kisha ikawa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Nikachungulia uani. Alikuwa ameketi chini, anachana kwa meno kitambaa cheupe kilichobaki msiba wa Thoai.

"Luom! Hebu subiri mtu afe kwanza."

"Hakuna muda, Dada Sau. Akishaondoka bila miti kuambiwa, inamfuata."

"Haraka haraka haina baraka, shauri yako."

"Haraka?" Alinitazama, macho mekundu. "Baba yangu mzazi alipokufa, kaka zangu walisema hizo ni hadithi za wazee. Hawakuiambia michungwa. Ilipukutika yote, Dada. Yote! Mama akauza shamba, tukawa watu wa kupanga. Mimi tena?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikamtazama akienda mti kwa mti. Anafunga utepe shinani, anaweka kiganja juu ya tumbo la mti, anasema polepole kama anayemwamsha mgonjwa: "Mwenye nyumba anaondoka. Msimfuate. Kuanzia leo nitawanywesha mimi." Alipofika kwenye ule mkubwa alisita, kwa sababu hakuwa ameruhusiwa. Kisha akaugusa.

Maneno yale kwetu ni mazito. Anayeyasema ndiye anayeshika nafasi ya marehemu, na mila inampa mtoto mkubwa wa damu, yaani Diem. Luom hakuliwaza hilo hata kidogo. Naapa mbele ya mizimu ya kwetu, mawazo yake yalikuwa kwenye michungwa.

Gari likafika. Wakamshusha Mzee na mpira wake, wakamlaza kitanda cha chumba cha mbele, mlango wazi. Mzee Chin, mdogo wake, akawasha udi. Tukapiga magoti. Muuguzi akautoa mpira, na Diem akaanza kulia.

Mzee akavuta pumzi. Tukangoja. Akavuta nyingine, na nyingine. Udi ukaisha, ukawashwa mwingine. Muuguzi akakuna kichwa, akasema ana gari la kurudisha, akaenda zake. Mchana ukaingia tukiwa bado tumepiga magoti, miguu imekufa ganzi, na mfiwa mmojammoja akaanza kuinuka kwenda kutafuta chakula. Hapo ndipo Mzee Bay alipofungua macho. Mlango ulitazamana na ua, na uani mawaridi yalikuwa yamefunga vitambaa vyeupe.

Alitazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa umepinda, maneno yakatoka yamelowa mate, lakini tuliyasikia.

"Nani kanizika?"

Luom alikuwa amejikunja pembeni, paji la uso chini. Mzee hakuhitaji kujibiwa.

Diem ndiye aliyempata Luom jikoni, nami nilikuwepo, nimeleta supu.

"Wifi, ulikuwa na haraka ya nini? Na jeneza ulishapima?"

"Uliniambia wakitoa mpira basi..."

"Nilikwambia ufagie! Nilikwambia umrithi? Kuanzia leo nitawanywesha mimi, ndivyo ulivyosema, majirani wote wamesikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Haya, sikiliza. Baba akifumba macho, wewe kwenu."

"Diem," nikasema, "huyu kamwangalia baba yako miaka yote uliyokuwa unatuma keki."

"Dada Sau, wewe uza tambi."

Nikaenda kuuza tambi. Nilikuwa na hasira mpaka nikatia chumvi mara mbili.

Basi ikawa hivyo. Mzee akapata nafuu, nusu yake. Upande mmoja umekufa, upande mwingine unainua kikombe. Wakamwekea kiti cha kulala barazani. Diem akarudi jijini kwenye duka lake, akawa anakuja na kuondoka, kila safari akimkumbusha Luom kwa macho. Na Mzee Bay akawa anazungumza na watu wote isipokuwa mkwewe. Akinitaka mimi ataniita. Mzee Chin akija watapiga gumzo la kikohozi na mvua. Luom akileta uji wa mchele na yai la bata la chumvi, Mzee anafungua kinywa, anameza, anatazama kando. Siku moja Luom alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, niliogopa kuipoteza miti. Sikukutakia mabaya. Niseme kwa kiapo gani unisadiki?"

Mzee akageuzia uso ukutani. Nikamwona Luom anakusanya bakuli na kijiko. Nyumba ile anaweza kuiacha, aliniambia baadaye, amezoea kuacha nyumba. Asichoweza ni mzee kufa akidhani mkwewe alimngojea kifo. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, wala si bati la mtu.

Na vitambaa? Diem alitaka vitolewe siku ileile. Mzee Chin akakataa.

"Msiba hauvuliwi kama kilemba cha jikoni. Una siku zake na udi wake. Ukivua leo, utaiambia miti nini? Kwamba tulikuwa tunatania?"

"Sasa Baba akae anatazama sanda yake kila siku?"

Wakamuuliza mwenyewe. Akasema neno moja tu: "Acheni." Vikaachwa. Mvua ikavinyeshea, vikaingia rangi ya majivu. Wapita njia na wanunuzi wa maua walisimama langoni, wakavua kofia, wakauliza kwa adabu nani amefariki. Mzee Bay, kutoka kwenye kiti chake, anawajibu: "Mimi." Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakimbilia ndani nisionekane. Baadaye sikucheka tena, maana nilimwona Luom kila likijibiwa hilo anavyoinamisha kichwa.

Mvua za mwaka ule zilikataa kuondoka. Ulipofika wakati ambao kwa kawaida tunakausha vyungu, bado anga lilikuwa linamwaga. Luom aliviinamisha vyungu, akavifunika kwa nailoni, akavifunua, akavifunika. Asubuhi moja akakuta majani ya ule mti mkubwa yamegeuka manjano. Akabonyeza tumbo lake kwa dole gumba, na dole likazama.

Alikuja mbio kwangu kwanza. "Dada, unaoza. Nifanyeje? Sina ruhusa ya kuugusa."

"Nenda kamwambie."

"Hasemi nami!"

"Basi uache uoze na heshima yake."

Akaenda. Alisimama mbele ya kiti, akasema ule mti mkubwa umeoza chini. Mzee Bay alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu arudi. Midomo ilihangaika.

"Ung'oe," akasema.

Mzee Chin na mimi tukasaidia kuunyanyua. Ulikuwa mzito jamani, tukaulaza kwenye gunia chini ya baraza, miguuni pa mwenyewe. Luom alipitisha kisu kwenye moto, akaanza kukata. Nyama ya juu ilitoka rojo ya kahawia inayonuka. Akakata mpaka pakaonekana pagumu, akainua macho.

"Bado," Mzee akasema.

Akakata tena. Utomvu wake ni sumu, ulimchuruzika mpaka kwenye viwiko, nami nikawa namfuta na tambara. Machozi yalikuwa yanamtoka na hana mkono safi wa kuyafuta.

"Bado."

"Baba, ni nusu ya mti hii!"

"Bado."

Akakata. Mti wa Thoai ule, na kila pande lililoanguka kwenye gunia tulilisikia. Hatimaye nyama ikawa nyeupe yote, safi, bila hata doa. Mzee akafumba macho, akasema, "Basi." Nikaenda kwa mama yangu, ambaye bado anatafuna tambuu, nikaleta kikopo chake cha chokaa nyekundu. Luom akaipaka kwenye kidonda chote kwa kidole, taratibu, mpaka hapakubaki mahali pa wazi. Tukautundika kivulini chini ya paa, mizizi hewani, ukauke.

Nilidhani yamekwisha. Mtu akishakaa na mwenzake juu ya kazi ya namna ile, kimya kitarudi vipi? Kilirudi. Kesho yake uji uleule, uso uleule kando. Badiliko pekee ni kwamba Mzee alimwomba Chin amgeuzie kiti, kitazame uani badala ya njiani. Tulidhani anautazama mti wake ulivyotundikwa.

Mti haukupona. Ulisinyaa ukawa kama kibuyu kilichosahauliwa darini. Luom aliushusha mwenyewe, akangoja lawama. Mzee hakumlaumu wala hakumpoza. Nilipandwa na hasira nikamwambia barazani, mbele ya wageni: "Mzee Bay, ng'ombe akizaa ndama mfu huguswa mgongoni na mwenye zizi. Wewe je?" Akanitazama tu na jicho lake zima, lina maji. Nikadhani ni ugonjwa, jicho la kiharusi hutoa maji.

Mvua ilipokwisha, Luom aliipogoa miti iliyobaki, akainyima maji kama inavyotakiwa, ili ichanue mwaka mpya. Ikachanua mapema kidogo. Ua mzima ukawa mwekundu, na kila shina lina utepe wake wa majivu. Katika siku hizo Mzee Bay alikufa. Alikunywa uji, akafutwa mdomo, akaegemea. Luom aliporudi kuchukua kikombe, amekwenda. Hakutuita kwa kelele. Alisimama uani akasema, "Dada Sau, njoo," nikajua.

Diem alifika jioni hiyo hiyo, na kabla ya kufungua sanduku lake la nguo alitoa jora la kitambaa cheupe, jipya, la dukani. Akasema mbele ya waombolezaji wote, "Safari hii nafunga mimi. Damu ni nzito kuliko maji." Akaushika mti wa kwanza, wa langoni, akaanza kufungua utepe wa zamani. Luom alikuwa mlangoni, ameshika nguo zake ndani ya kikapu. Alishazikunja, maskini. Alikuwa anangoja mazishi tu.

"Diem, weka chini," Mzee Chin akasema.

"Ami, mimi ndiye mkubwa."

"Weka chini, mwanangu. Miti haiambiwi mara mbili."

Mzee Chin si mtu wa hotuba, na alikuwa analia, kwa hiyo maneno yalikuja vipande vipande. Alisema kaka yake aliacha usia, tena si mara moja. Miti imekwishaambiwa, na aliyeiambia imemsikia. Huyo ndiye anayeshika nafasi yake. Nyumba inafuata miti, kwa sababu miti haiwezi kuhama. Diem atakuwa anakuja nyumbani kwao kama kawaida, na atapokelewa.

"Alikwambia wewe?" Diem aliuliza, sauti imekwisha nguvu. "Na alikuwa hasemi naye?"

"Nami nilimuuliza. Nikamwambia, Kaka, unamtesa mtoto wa watu, kwani umemkasirikia nini? Akasema hakukasirika. Anasema alipofungua macho siku ile akaona vile vitambaa, alijua kila alichokuwa nacho kina mtu wa kukitunza. Nikamwambia, basi mwambie. Akasema, nikimfungulia mdomo nitalia, na sijawahi kulia mbele ya mwanangu."

Diem aliketi chini palepale langoni, jora mapajani, akalia kwa sauti ya kitoto. Simchukii tena tangu siku ile. Mzee Chin akaenda mlangoni, akachukua kikapu mkononi mwa Luom, akakiweka ndani, akamfunga kichwani kitambaa cha msiba kama afungwavyo mtoto wa kuzaa.

Luom hakulia. Alipika, akapokea wageni, akatembea nyuma ya jeneza. Watu wakasema, unaona, kapata alichotaka, hana hata chozi. Midomo ya watu haina pazia.

Baada ya mazishi nilikwenda kumtazama. Alikuwa jikoni, anaosha lile bakuli la uji, na lilikuwa limeshatakata zamani. Nikatafuta la kumfariji.

"Si umesikia mwenyewe? Hakukudhania vibaya hata siku moja. Alikuwa anakupenda mzee wa watu."

"Nimesikia. Kwa Ami Chin."

"Sasa?"

Aliendelea kusugua bakuli.

"Nilimlisha kila siku, Dada. Kinywa kile kilikuwa karibu yangu hivi." Akanionyesha kwa mkono uliolowa, karibu na uso wake. "Sisi hata mti tunauendea, tunauwekea mkono, tunauambia. Mti, Dada Sau. Mimi nilikuwa pale na kijiko."